Jua la Alasiri Doldol: Pazia Peke Yake Halitoshi

MTU wa Pwani akipata uhamisho kwenda bara, jambo la kwanza analoambiwa ni baridi. Jamaa humkusanyia masweta na mablanketi, mama mzazi humtilia shali ya sufu sandukuni, na hapana hata mmoja anayemtajia jua. Basi hufika Doldol, huko Laikipia Kaskazini, kilomita 50 na ushei kutoka Nanyuki, akapanga chumba ambacho dirisha lake linatazama magharibi. Haipiti wiki moja ila atakuwa amegundua kwamba ikifika saa kumi ya jioni chumba kile hakikaliki.

Doldol ni nchi ya Wamaasai wa Mukogodo, na miongoni mwao wamo Wayaaku, ambao lugha yao ya asili sasa inajulikana na wazee wachache mno. Ni nchi kavu. Mlima Kenya uko upande wa kusini, na mvua nyingi humwagika kwenye miteremko ya kusini na mashariki kabla haijafika huku. Ikweta inapita pale Nanyuki, kwa hiyo Doldol iko juu yake kidogo tu. Tena mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wataalamu wanatuambia kwamba kila ukipanda mita 1,000, ile miale ya jua inayochoma ngozi na kupausha nguo huongezeka kiasi cha asilimia 10. Jua la Mombasa huja limechujwa na mvuke wa bahari. Jua la Doldol huja kavu, na hewa yenyewe ni nyepesi.

Tumeona tulizungumze jambo hili kwa sababu wako watu wetu katika miji yote iliyouzunguka mlima ule, tangu Nyeri hadi Isiolo: walimu, wauguzi, askari na wafanya biashara. Na wengi wao hawakai katika nyumba walizojenga wenyewe. Hukaa katika vyumba vya kupanga: kuta za mawe, mabati juu, mlango mmoja na dirisha moja la chuma lenye vioo. Tuchukue mfano wa bibi aliyemfuata mumewe huko naye ana mtoto mchanga. Mume yuko kazini mpaka jioni. Dirisha linatazama njia. Akifungua pazia apate hewa, kila mpita njia anamwona alivyokaa na mtoto wake. Akilifunga apate stara yake, chumba kinakuwa tanuri na mtoto analia. Bibi huyo hatafuti pambo la nyumba. Anatafuta njia ya kukaa nyumbani kwake kwa heshima bila ya kupikwa.

Kwa kawaida ushauri anaopewa ni mmoja: nunua pazia zito zaidi, la rangi ya kiza zaidi. Kwa maoni yetu ushauri huo, kwa dirisha la magharibi, ni nusu ya dawa, na wakati mwingine ni ugonjwa wa pili.

KIPIMO TUNACHOKIJUA

Wengi wetu hapa Pwani ni Mashafii, na tunajua kwamba alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, ukiondoa kile kivuli kidogo kilichokuwapo adhuhuri. Wahanafi husubiri mpaka kiwe mara mbili. Wazee wetu walipima hivyo kwa fimbo kabla ya saa za ukutani, na kipimo hicho hicho kinatosha kumfundisha mtu habari ya dirisha lake.

Jua linapokuwa nusu ya njia baina ya utosi na upeo wa macho, fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha mita moja. Sasa lilaze jambo hilo ukutani. Upenu wa paa uliotokeza sentimita 60 nje ya ukuta wa magharibi nao wakati huo hutoa kivuli kinachoshuka ukutani sentimita 60, basi. Ikiwa dirisha linaanzia sentimita 30 chini ya upenu, ni sentimita 30 tu za juu zilizositirika, na sehemu yote iliyobaki inapigwa na jua. Saa moja baadaye kivuli kimepungua hadi kama sentimita 35, na saa mbili baadaye ni sentimita 16, yaani hakilifikii dirisha hata kwa ncha. Kwa mtu aliye karibu na Ikweta mambo huwa hivyo mwaka mzima, iwe Machi au Desemba, kwa kuwa huku jua hushuka wima kama ndoo kisimani. Halizunguki pembeni kama katika nchi za kaskazini.

Kwa saa ya mkononi, alasiri ya Doldol huangukia baina ya saa tisa na robo na saa kumi kwa kufuata mwezi. Hii ni kwa sababu saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa mstari ulio mashariki zaidi, na jua la Doldol hufika utosini yapata saa sita na nusu. Kwa hiyo magharibi nayo huchelewa kidogo, karibu saa kumi na mbili na nusu. Baina ya nyakati hizo mbili kuna saa tatu kasoro ambazo upenu umekwisha kazi yake na jua linaingia chumbani moja kwa moja, likipita juu ya kitanda mpaka ukuta wa pili. Ndizo saa tatu anazozililia yule bibi.

Mwenye kutaka kuhakiki na asimame nje ya dirisha lake saa kumi na moja. Ataona upenu upo, kivuli hakipo.

KIOO KINAPOKEA, HAKIRUDISHI

Sasa kuhusu pazia lenyewe. Mwanga wa jua hupenya kioo bila taabu. Ukiisha kupenya, huangukia kitambaa, na kitambaa kikiwa cha rangi ya kiza huunywa ule mwanga na kuwa moto kama bati. Joto linalotoka katika kitambaa hicho si mwanga tena, ni joto tupu, na kioo hakiliruhusu kutoka kwa urahisi kama kilivyouruhusu mwanga kuingia. Basi pazia linakuwa kama pasi iliyotundikwa dirishani. Chumba kina kiza, ni kweli, na macho yamepumzika, lakini joto limeshaingia ndani na halina pa kwenda.

Idara ya Nishati ya Marekani imetoa hesabu zake juu ya jambo hili. Pazia la rangi ya wastani lililoshonewa mgongo mweupe wa plastiki laweza kupunguza joto la jua kwa asilimia 33. Kivuli kilichotokezwa nje ya dirisha la magharibi, mfano wa chandarua kama vile vya madukani, chaweza kupunguza hadi asilimia 77. Nchi yao si yetu, na madirisha yao si yetu, lakini tofauti baina ya theluthi na robo tatu si ndogo hata ukikata huku na huku. Jua huzuiwa nje ya kioo. Likishapita kioo, mwenye nyumba anapigana nalo ndani ya chumba.

Hapa Doldol inampa mtu wetu jambo ambalo Pwani haimpi. Huku kwetu hata kivulini mtu hutoka jasho, kwa kuwa hewa yenyewe imejaa unyevu, na kwa hiyo nyumba zetu hupigania upepo kwanza, kivuli baadaye. Doldol mtu akitoka juani akaingia chini ya mti, mara hiyo huhisi ubaridi mabegani. Hewa si ya moto, jua ndilo la moto. Ukilizuia jua lisifike kwenye kioo, umemaliza sehemu kubwa ya kazi, na tundu dogo la hewa linatosha.

Wenyeji walilijua hilo zamani. Nyumba ya Kimaasai, enkaji, ambayo hujengwa na wanawake kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, haina haja ya pazia kwa kuwa haina dirisha la kuitwa dirisha. Ina vitundu vidogo tu, moshi utoke na mwanga kidogo uingie. Mgeni huona kiza akadhani ni ufukara. Na aingie saa kumi ya alasiri akitoka katika chumba cha mabati, kisha aseme ni nani aliyejenga kwa akili zaidi.

Wala wazee wetu hawakuwa nyuma. Vyumba virefu vya nyumba ya mawe ya Lamu havikutazama njia, vilitazama uwanja wa ndani uitwao kiwanda, na aghalabu vilielekezwa kaskazini, jua la jioni likabaki kupiga ukuta mnene wa matumbawe na chokaa. Baadaye, nyumba za Unguja na Mombasa zilipoanza kutoboa madirisha makubwa ya kutazama njia, katika karne ya 19, hazikutegemea kitambaa. Ziliwekewa mbawa za mbao, zenye vibanzi vilivyolazwa mshazari, kila kibanzi kikiteremka kuelekea nje. Upepo hupita, jua la juu halipiti, na aliye ndani hutazama njiani bila ya kuonekana. Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash, iliyojengwa Unguja mwaka 1883, na ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, ilizungushiwa baraza pana kwa nje katika kila ghorofa, na vyumba vikakaa nyuma ya kivuli hicho. Kote huko kanuni ni ileile: jua likutane na kitu kingine kabla halijakutana na chumba.

JAMVI CHINI YA UPENU

Lakini mpangaji hawezi kujenga baraza, na mwenye nyumba wa Doldol hatakubali kung'oa dirisha lake la chuma aweke mbawa za mbao. Tena madirisha hayo ya chuma hufunguka kwa nje, kwa hiyo hata ukitaka kutundika kitu kikalala juu ya kioo, ukifungua dirisha litakisukuma. Kilichobaki ni kutundika kwenye ukingo wa upenu wenyewe, mbali na ukuta.

Kitu kinachofaa tunacho nyumbani, nacho ni jamvi. Hatusemi mkeka mzuri wa ukindu uliotiwa rangi, huo ni haramu kuuharibu, na jua la kule litaukausha ukatike vipande. Tunasema jamvi la miyaa, nene, la rangi yake ya asili, lile linalotandikwa chini ya mkeka au kuanikiwa nafaka. Upana wake uzidi dirisha kwa shibiri mbili kila upande, maana miezi ya katikati ya mwaka jua huzama likielekea kaskazini kidogo, na miezi ya Disemba kusini kidogo, na hujipenyeza ubavuni. Sehemu ya juu ishonewe mti mwembamba na kufungwa kwenye mbao za paa. Ya chini ishonewe mti mzito, kwa kuwa upepo wa mchana wa Laikipia hauna adabu na huja na vumbi lake. Kamba mbili za kulikunja na kulipandisha, na mbili za kulifunga chini lisipigepige ukutani usiku kucha.

Urefu je? Hapa watu hukosea wakalishusha mpaka chini wakajifungia kama kuku. Hakuna haja. Kwa upenu wa sentimita 60, jamvi lililoshuka mita 1 na robo kutoka ukingoni litasitiri ukuta zaidi ya hapo, kwa kuwa jua la saa kumi na moja na nusu bado linatoka juu kidogo na kivuli huanguka chini ya ncha ya jamvi. Sehemu iliyobaki wazi chini ndiyo mlango wa hewa. Yule bibi akiketi ndani, mpita njia akitazama haoni ila jamvi na miguu ya meza, naye bibi dirisha lake liko wazi. Hewa na stara vimepatikana pamoja, na mtoto amelala.

Asiyepata jamvi na atumie mkeka wa mafunjo, au matete yaliyofumwa kwa kamba. Turubai tunalikubali shingo upande: linazuia jua sawasawa, lakini halipitishi hewa, hulialia kwa upepo kama tanga, na la rangi ya buluu humfanya kila aliye chumbani aonekane mgonjwa.

Iko pia ile karatasi ya plastiki ya kubandika kwenye kioo, ing'aayo kama kioo cha kujitazamia. Wauzaji huisifu kwamba aliye nje haoni ndani. Ni kweli mchana. Kioo cha namna hiyo humficha aliye upande wa kiza na humwonyesha aliye upande wa mwanga. Likizama jua na taa ikawashwa, mambo yanageuka, na familia nzima imekaa uwanjani bila ya kujua. Hukumu ni hiyo hiyo kwa lile pazia jepesi la neti: mchana ni stara nzuri, usiku si stara.

KITAMBAA CHA USIKU

Kwa hiyo pazia la kitambaa halikufukuzwa, limepewa kazi yake. Kazi yake ni ya baada ya magharibi. Doldol jua likizama baridi huingia upesi, kwa kuwa hewa kavu na mbingu isiyo na mawingu hazishiki joto. Hapo ndipo pazia zito linapostahili, lizuie ubaridi wa kioo na macho ya watu. Lishonwe kwa kitambaa chenye upana mara moja na nusu hadi mara mbili ya dirisha, lipate mikunjo, na lishuke shibiri moja chini ya kizingiti cha dirisha. Pazia lililokatwa sawasawa na dirisha, kwa kubana fedha, hupitisha baridi juu, chini na pembeni.

Rangi iwe yoyote anayoipenda bibi mwenye nyumba upande wa chumbani. Upande wa kioo uwe mweupe. Marekani nyeupe ya kawaida ikishonwa mgongoni inatosha, na ina faida ya pili: ndiyo itakayokula jua, si kitambaa cha fedha. Kanga tusizitundike dirishani kwa jua lile. Kanga nzuri itapauka mpaka jina lake lisisomeke, na ni dhambi ndogo kuona hivyo. Kikoi huvumilia zaidi kwa kuwa kimefumwa kinene, lakini nacho kiwekewe mgongo. Shuka nyekundu za Kimaasai, ambazo zinapatikana kila duka la Doldol na zinavutia sana, zitumike usiku tu. Mchana hunywa joto na kukipaka chumba chote rangi ya kaa la moto.

Mwenye uwezo zaidi na apite Nanyuki, ambako kiko kikundi cha kina mama wanaosokota sufu kwa mikono na kufuma mazulia na blanketi. Sufu kwa usiku wa nchi ile haina mfano. Lakini sharti kitu cha sufu kiwekwe mbali na jiko la makaa, na hilo twaweza kusema juu ya kila pazia katika chumba ambacho mtu anapika na kulala humo humo.

Miezi ya Juni hadi Agosti mambo huwa tofauti. Siku nyingine ubaridi huanza tangu alasiri, na jua lile lile lililokuwa adui sasa ni rafiki. Basi jamvi likunjwe mapema, kioo kiachwe kipokee, na kuta za mawe zinywe joto. Ukuta wa magharibi uliopigwa na jua tangu saa tisa bado una joto ukiugusa saa ya isha, na kitanda cha mzee au cha mtoto kikisogezwa upande huo usiku kitapata faida yake. Hii ndiyo sababu kubwa inayotufanya tupende kitu kinachokunjwa kuliko kitu kilichopigiliwa misumari. Aliyejenga ukuta wa mabati mbele ya dirisha lake ameshinda Februari akashindwa Julai.

Jambo moja mafundi wa mapazia hawatalisema, kwa kuwa haliwaletei fedha. Ikiwa chumba hakina dari, yaani ukiinua macho unaona bati tupu, basi sehemu kubwa ya joto inatoka juu, tangu asubuhi, na dirisha linasingiziwa tu. Mtu na aweke kiganja chake chini ya bati saa nane mchana kabla hajatoa fedha ya pazia. Akihisi joto linamshukia kichwani, dari ya mbao nyembamba, au hata mikeka ya mafunjo iliyotandazwa juu ya mihimili, ije kwanza, naye azungumze na mwenye nyumba wagawane gharama.

Aliye na jamaa Pwani na aagize majamvi mawili kwa mpigo, yakunjwe pamoja na kupandishwa juu ya basi mpaka Nairobi na kutoka hapo Nanyuki. Moja litundikwe, la pili liwekwe pakavu chini ya kitanda, kwa kuwa jua la Doldol na upepo wake havitaliacha la kwanza liishi miaka mingi. Likianza kukatika huteremshwa, mti wake wa chini huhamishiwa kwenye jamvi jipya, na lile la zamani hutandikwa uani kuanikia nguo za mtoto.